Madaftari Matatu Kuwa Moja



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumejionea kuwa hata watu hupotea, na daftari lipo.

Mwezi uliopita tulikabidhiwa kazi ya kuunganisha madaftari matatu ya jumuiya yetu hapa Brussels: la madrasa, la mfuko wa maziko, na la wanaopokea jarida hili. Tuliyaingiza katika kompyuta, tukatumia programu ya takwimu iitwayo R na amri yake ya merge, ambayo huunganisha faili mbili mbili. Orodha ilitoka safi, tukafurahi. Kumbe mjane mmoja, ambaye hajakosa kulipa ada ya maziko hata mwezi mmoja, hakuwamo. Lau angefikwa na mauti wiki ile, kamati ingeitazama orodha na kusema si mwanachama.

Sababu tuliiona baadaye. Amri hiyo, isipoelezwa vinginevyo, hubakisha wale tu wanaoonekana katika faili zote mbili. Wengine huwaacha kimya kimya. Mama yule hana mtoto madrasani. Wazee na vijana wasio na watoto walitoweka pamoja naye. Dawa ni kuongeza maneno all = TRUE, ili kila mtu abaki, hata kama baadhi ya nafasi zake zitakuwa tupu.

Hapo likazuka la pili. Mohamed wa daftari moja ni Muhammad wa daftari jingine, na kompyuta iliwahesabu watu wawili. Serikali ya Ubelgiji, katika sensa ya 2011, haikutuma maswali majumbani. Iliunganisha kumbukumbu za ofisi zake kwa namba ya Daftari la Taifa, yenye tarakimu 11, ambayo haibadiliki jina liandikwavyo. Namba hiyo sisi haturuhusiwi kuitumia, kwani sheria ya mwaka 1983 imewaachia walioidhinishwa tu. Kwa hiyo tumempa kila mwanachama namba yetu wenyewe.

Vijana wetu mnaosomea elimu hii, tunawausia: hesabuni watu kabla ya kuunganisha, mhesabu tena baada yake, na idadi zisipolingana, mtafuteni aliyekosekana kwa jina lake. Mama yule tumemwendea nyumbani kumtaka radhi, naye ametusamehe.

Wabillahi tawfiq.