HOMA SI JINA LA UGONJWA



Safari hii gazeti letu halianzi na mishahara. Laanza na mwili, kwa kuwa mwili ndio chombo cha kwanza cha mfanyi kazi, nacho hakina spea. Mwenye jahazi hulipandisha pwani, hulikwangua, hulitia kalafati na kulipaka sifa kabla ya kulirudisha majini. Hangoji mpaka lizame. Lakini kuli, baharia, mkata mawe wa Manda, mkata boriti na mtumishi wa hoteli hungojwa mpaka waanguke. Na mtu akianguka, mara nyingi huulizwa neno moja tu: "Una homa?" Akisema ndiyo, apewa vidonge vya malaria. Akisema hapana, apewa vidonge vya maumivu. Kazi kwisha, na mwingine aingie.

Hiyo si tiba, ni bahati nasibu. Chama chasema wazi: kupimwa kabla ya kupewa dawa ni haki ya mfanyi kazi, kama ilivyo haki yake kuhesabiwa saa alizofanya kazi kabla ya kulipwa.

LAMU, MWAKA 2004

Walio na umri wa kukumbuka hawajausahau mwaka 2004. Katikati ya mwaka ule, wakati wa ukame, watu wa mji wa Lamu waliamka na homa kali ya ghafla. Viungo viliuma, vifundo vya mikono, magoti na nyayo, hata mtu akashindwa kushika bakuli lake. Homa iliondoka kwa siku chache, lakini maumivu ya viungo yalikaa, kwa wengine wiki, kwa wengine miezi. Mwenye kuishi kwa mabega yake ajua hasara ya jambo hilo.

Haikuwa malaria. Damu ilipopelekwa maabara ikaonekana ni kirusi cha chikungunya. Na baadaye wakazi walipopimwa, watu 75 katika kila 100 walikutwa na alama zake katika damu. Robo tatu ya mji! Kabla mwaka haujaisha ugonjwa ulikuwa umefika Mombasa. Mwaka 2005 ukavuka kwenda Komoro, kisha Réunion, kisha India.

Jina hilo la chikungunya halikutoka Ulaya. Ni la Kimakonde, lenye maana ya kitu kinachomkunja mtu, nalo liliingia katika vitabu vya udaktari baada ya ugonjwa huo kuzuka kusini ya Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Basi ugonjwa ulikuwa na jina la jirani zetu miaka 50 kabla ya watu wa Lamu kukunjwa nao.

Mbu wake si yule wa malaria. Wa malaria huuma usiku. Huyu huuma mchana, na huzaa katika maji yaliyowekwa nyumbani: mitungi, mapipa na birika. Wakati wa ukame kila nyumba huweka maji, na kila chombo kisichofunikwa huwa shamba la mbu. Wazee wetu waliotia visamaki ndani ya birika walijua wafanyalo.

Dawa ya malaria haikiui kirusi hiki. Mgonjwa hupewa maji mengi, mapumziko na parasetamoli. Na kwa kuwa dalili zake zafanana na za homa ya dengi, ambayo yaweza kumtoa mtu damu, asipewe aspirini wala dawa kali za maumivu mpaka ijulikane kuwa si dengi. Tazameni basi. Anayekisia malaria hapa hukosea mara tatu: apoteza dawa, amwacha mgonjwa bila maagizo yanayomfaa, na mtaa hauambiwi ufunike maji.

TWATIBIWA AU TWAKISIWA?

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kwanza. Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidole juu ya kikadi, na jibu hutoka kwa dakika 15 au 20. Hakitaki umeme, hakitaki darubini. Kikikosekana kisiwani, mtu asituambie kuwa elimu imeshindwa. Kuna karatasi haikutiwa sahihi, au boti haikupakia.

Wala si homa peke yake. Tuyatazame magonjwa yetu ya kila siku.

1. PRESHA. Haiumi, na hiyo ndiyo hatari yake. Mtu hubeba magunia miaka kumi na presha yake juu, siku moja mdomo ukaenda upande na mkono ukafa. Kipimo ni mkanda wa mkononi tu. Ikiwa 140 juu ya 90 au zaidi, apumzike, apimwe tena, na arudiwe siku nyingine. Mtu asiambiwe ana presha kwa kipimo kimoja alichopimwa akiwa ametoka kupanda ngazi ya jeti na mzigo. Lakini ikithibitika, dawa ni ya kila siku, si ya wiki moja. Anayepewa vidonge vya siku 7 na kuambiwa "ukipona basi" amedanganywa.

2. SUKARI. Kiu, mkojo mwingi, kukonda, ganzi ya miguu, kidonda kisichofunga. Mkata mawe mwenye ganzi hukanyaga kipande cha jiwe asijue, akaja kujua kwa harufu. Tone la damu asubuhi kabla ya kula, likisoma 7 au zaidi, likarudiwa siku nyingine likawa vile vile, hiyo ni sukari. Mguu uliotazamwa mapema hauendi kukatwa.

3. MGONGO. Maumivu mengi ya mgongo hayataki picha wala sindano. Yataka mtu asilale kitandani siku nyingi, atembee, apunguziwe mzigo, na mengi hupungua kwa wiki chache. Lakini ganzi ikiingia baina ya mapaja, mkojo ukazuilika au ukatoka wenyewe, miguu ikalegea, hiyo ni dharura, apelekwe hospitali siku ile ile. Anayeweza kuipambanua ya kwanza na ya pili ni tabibu aliyeuliza na kumgusa mgonjwa, si aliyemtupia vidonge dirishani. Na vidonge hivyo vya diklofenaki na jamii yake, vikiliwa kila siku kama njugu, huchubua tumbo, huharibu figo na huipandisha presha. Mtu atibu mgongo aue figo!

4. KIKOHOZI. Kikohozi cha mafua huondoka chenyewe na hakitaki antibiotiki. Kikipita wiki mbili, pamoja na jasho la usiku na kukonda, makohozi yapimwe kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya Serikali, na kwa kifua kikuu cha kawaida huliwa miezi 6. Anayenunua dawa ya maji ya kikohozi mara tano mfululizo anunua muda wa kuwaambukiza watoto wake na wenzake wa chumba kimoja.

5. WATOTO. Mtoto anayehara hufa kwa kukaukiwa. Apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na zinki siku 10 mpaka 14. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kufutwa usawa. Kuhara kwa damu, au mtoto kushindwa kunywa, ni safari ya hospitali. Na mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 mpaka 12 akifika 50, au wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40, huenda mapafu yameshikwa, na hapo antibiotiki yafaa. Kipimo hicho chataka saa ya mkono tu na mtu mwenye nafasi ya kuhesabu.

KARATASI NA MSHAHARA

Kuna watakaouliza: Chama chaingiaje katika mambo ya madaktari? Jibu ni hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyi kazi aliyemaliza miezi miwili mfululizo apate, katika kila mwaka, angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara. Lakini ni lazima alete karatasi ya daktari, au ya msimamizi wa dispensari anayeshika mahali pake. Basi aliyepewa vidonge dukani hana karatasi. Aliyekuta dispensari imefungwa hana karatasi. Na asiye na karatasi, bwana wa kampuni humwandika mtoro. Ugonjwa usiopimwa waanza mwilini na kumalizikia mfukoni.

Tena twalipa. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Mwenye shilingi 20,000 hukatwa 550 kila mwezi, naye mwajiri hatii senti yake juu yake. Tumeahidiwa kwamba kwa aliyejiandikisha, matibabu ya dispensari na vituo vya afya ni bila malipo. Vema. Lakini bure ya rafu tupu ni bure gani?

WASEMAVYO WAKUBWA

Wa kwanza asema: "Hawa wenyewe hawataki vipimo, wapenda sindano." Mtu wa Kizingitini au Ndau huacha kazi ya siku, hulipa nauli, hungoja maji yajae boti ipite Mkanda, afikapo aambiwa kipimo hakuna, rudi wiki ijayo. Mara ya pili aenda duka la dawa lililo mlangoni pake. Hapo mwenye kosa ni nani?

Wa pili asema: "Fedha hazitoshi, na watu wa visiwani ni wachache." Mkanda wa presha mmoja hupima mamia ya watu. Kuitafuta boti usiku, petroli, gari kutoka Mokowe na kitanda cha hospitali kwa mtu mmoja aliyepooza vyaziditia fedha hizo. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya bora. Haikuandika "kila mtu wa bara".

Wa tatu asema: "Madaktari hawakai visiwani." Mfanyi kazi gani hukaa pasipo nyumba, dawa wala mshahara wa wakati? Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, wakagoma siku 56 tena mwaka 2024. Nesi aliye peke yake dispensari nzima, akizalisha, akidunga chanjo na kuandika daftari kwa mkono mmoja, ni mwenzetu. Hatumlaumu. Twawalaumu waliomwacha peke yake, kisha wakamtuma akisie.

TWATAKA HAYA

Tangu mwaka 2013 dispensari na hospitali za wilaya zimo mikononi mwa Kaunti. Basi kwa Kaunti, na kwa waajiri wote wa Lamu na bandari yake, twasema:

(a) Kila dispensari ya kisiwani isikose vipimo vya malaria, mkanda wa presha, kipimo cha sukari, pakiti za maji ya chumvi na zinki. Vikiisha, iandikwe ukutani ni siku gani vimeisha na nani ameambiwa.

(b) Daktari wa familia azunguke Pate, Ndau na Kiwayu kwa zamu inayojulikana na kulingana na maji ya bahari. Elimu hiyo yafundishwa Chuo Kikuu cha Moi tangu mwaka 2005. Ni daktari wa mama, mtoto na mzee, anayemjua mtu kabla hajaugua na kuwasaidia matabibu na manesi waliopo.

(c) Dawa za presha na sukari zitolewe za mwezi mzima, karibu na mtu akaapo.

(d) Mwajiri ampe mfanyi kazi ruhusa ya siku ya kliniki bila kumkata, na aiheshimu karatasi ya dispensari.

NA SISI JE?

Ndugu, mwenye kudai haki na ashike wajibu wake. Jiandikisheni katika bima hiyo, nyinyi na jamaa zenu. Kila mwanachama aliyepita miaka 40 apimwe presha na sukari mwaka huu. Wekeni kadi na daftari la kliniki pamoja na kitambulisho. Msiache dawa kwa kuwa mmejisikia wazima, wala msigawane vidonge kama mnavyogawana tumbaku. Mkienda kutibiwa ulizeni mambo matatu: Naumwa nini? Umejuaje? Nikiona nini nirudi upesi? Anayejua kazi yake hatakasirika kwa kuulizwa.

Makatibu wa matawi waandike daftari moja: tarehe, dispensari, kipimo kilichokosekana. Majina ya wagonjwa yasiandikwe, ugonjwa ni siri ya mwenyewe. Daftari hizo zitaletwa mkutanoni, na Chama kitazipeleka Kaunti kwa pamoja. Neno la mtu mmoja husahauliwa barazani, daftari la matawi yote halisahauliki.

Haba na haba hujaza kibaba. Tupimwe kwanza, ndipo tutibiwe!

UMOJA NI NGUVU.