Simlaumu Aliyegeuza Mgongo

Jumamosi moja baada ya chakula cha jioni mafrateri walikuwa kwenye ukumbi wa mapumziko, wakitazama video ya mbio za Comrades za Afrika Kusini. Mimi nilipita kutafuta gazeti tu, nikakuta kelele. Kwenye kioo alionekana ofisa amesimama kwenye mstari wa kumalizia, amewapa mgongo wakimbiaji wanaokuja, bastola juu. Saa ilipotimiza 12 kamili akafyatua. Papo hapo njia ikafungwa. Mwanamume mmoja aliyebakiza kama hatua tano akasimama, akainama, akashika magoti.

“Huyo mtu hana roho!” akasema frateri mmoja. Mwingine akanigeukia: “Padre, mtu amekimbia kutwa nzima, zimebaki hatua tano! Wangepungukiwa nini wakimwachia apite?”

Nikamwambia kwamba mimi mwenyewe nimewahi kufungiwa kwenye mbio hizo hizo. Ukumbi ukanyamaza. Nadhani wengi wao, wakiniona nazunguka uwanja alfajiri kwa mwendo wa kobe, hudhani ni maagizo ya daktari. Nikaahidi kuandika. Basi niseme mapema ninaposimama: yule ofisa yuko sahihi, na asingegeuza mgongo angekuwa amekosea.

Kwa wasiozijua, Comrades hukimbiwa kila mwaka kati ya Durban iliyoko pwani na Pietermaritzburg iliyoko bara. Kwa kawaida mwaka mmoja watu wanapanda kutoka baharini, mwaka unaofuata wanateremka. Umbali hukaribia kilomita 90, yaani marathoni mbili na kitu juu yake, zote kwenye lami. Kuna milima mitano ambayo mkimbiaji huikariri kama litania: Cowies Hill, Field's Hill, Botha's Hill, Inchanga, Polly Shortts. Hiyo ni ile yenye majina. Vilima visivyo na jina havihesabiki, na ndivyo vinavyokumaliza. Siku hizi mbio hufanyika Juni, na Juni kule ni majira ya baridi hasa, si kipupwe chetu hiki cha kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Pietermaritzburg usiku wa Juni huuma masikio.

Mwanzilishi wake, Vic Clapham, alikuwa dereva wa treni. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuja kupigana huku kwetu, Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania. Askari wenzake wengi walikufa, na waliobaki walitembea kwa miguu masafa marefu mno wakiwafuata Wajerumani porini. Aliporudi akaomba kuwakumbuka kwa mbio ndefu badala ya sanamu. Alikataliwa mara tatu. Walipomkubalia, tarehe 24 Mei 1921, walianza wakimbiaji 34, wakamaliza 16. (Wapagazi wetu waliobeba mizigo ya vita hiyo, wakafa kwa maelfu, hawana mbio. Wana Kariakoo, na sijui ni wangapi kati ya wanaonunua vitenge pale wanajua jina lile limetoka wapi.)

Mimi nilikimbia nikiwa mwanafunzi kule, mwaka wa kupanda. Nilikuwa nimekimbia Kilimanjaro Marathon mara mbili, nikajiona mtu wa milima. Tulianza Durban saa kumi na moja na nusu alfajiri, gizani, na mbio zilikuwa zifungwe saa kumi na moja na nusu jioni, gizani tena, maana jua la Juni kule huzama mapema. Kosa langu lilikuwa la kitoto. Hewa ya pwani ilikuwa nzuri, miguu myepesi, nikapanda Cowies na Field's kana kwamba kuna mtu ananitazama. Nilipofika Drummond, katikati ya safari, nilikuwa ndani ya muda, lakini mapaja yalikwisha kuanza kubana. Inchanga niliipanda nikitembea.

Comrades haina lango moja tu la mwisho. Njiani kuna vituo ambavyo usipovifikia kwa muda uliotangazwa, unatolewa barabarani. Kimoja kipo juu ya Polly Shortts, mlima ambao hauzidi kilomita mbili kwa urefu, ila unaukuta baada ya kukimbia zaidi ya kilomita 75. Nilifika juu nimechelewa dakika nne. Mama mmoja wa makamo, amevaa koti zito, akaninyooshea mkono akasema pole, baba, kwa Kiingereza cha Kizulu, kisha akanielekeza kwenye basi. Nilimwambia bado kilomita saba au nane tu. Akasema anajua.

Nilimchukia yule mama kwa muda wa wiki mbili hivi.

Kilichonibadilisha ni kujifunza jinsi malango yale yalivyowekwa. Kuanzia mwaka 1928 muda wa Comrades ulikuwa saa 11. Mwaka 2003 ukarudishwa kuwa saa 12 moja kwa moja, na wanaomaliza ndani ya saa ile ya mwisho wakapewa medali yao ya shaba, yenye jina la Vic Clapham. Kumbe lango linaweza kusogezwa! Ila lilisogezwa mezani, kabla ya mbio, kwa kila mtu, na kila mtu akaambiwa. Halikusogezwa na yule mama pale mlimani kwa sababu nina uso wa kuhurumiwa. Angenipitisha mimi kwa dakika nne, yule aliyekuwa nyuma yangu kwa dakika sita angemjibu nini? Na yule aliyemaliza kwa saa 11 na dakika 59, ambaye hakukaa chini kule Cato Ridge kama nilivyokaa mimi, angekuwa amejinyima kwa ajili ya nini? Ofisa hugeuza mgongo ili asione ni nani anayekuja: kama ni kijana au mzee, mashuhuri au mtu asiyejulikana, rafiki yake au mgeni. Huo ndio usawa wake.

Isitoshe, ni baridi. Mtu aliyeloa jasho, ameishiwa nguvu, anatembea gizani halijoto ikishuka, barabara ikifunguliwa kwa magari, hatufanyii wema tukimwambia endelea tu.

Msinielewe vibaya kwamba kila lango ni la haki. Comrades yenyewe ilikuwa na lango la aibu. Hadi mwaka 1975 watu weusi na wanawake hawakuruhusiwa kushiriki rasmi. Frances Hayward alikimbia mwaka 1923 bila ruhusa, akamaliza kwa saa 11 na dakika 35, akanyimwa medali. Watazamaji na wakimbiaji wenzake ndio waliomchangia zawadi. Robert Mtshali, mtu mweusi, alimaliza mwaka 1935 kwa saa 9 na nusu na hakuandikwa popote kwenye matokeo. Leo ipo medali yenye jina lake. Lango lile lilimtazama mtu usoni kabla hajaanza, likamfungia. Ni kinyume kabisa cha yule anayegeuza mgongo.

Sasa huruma iko wapi? Frateri aliniuliza hivyo, na ni swali la haki. Iko barabarani, kilomita zote zile kabla ya bastola. Sijaona mahali penye huruma nyingi kama barabara ile. Vituo vya maji vimepangwa kila baada ya mwendo mfupi, na watu waliojitolea wanakupa viazi vilivyochemshwa, vimepakwa chumvi, kwa mikono iliyoganda. Karibu na Inchanga watoto wa shule ya Ethembeni, wenye ulemavu na wasioona, wamekaa kando ya barabara wakinyoosha mikono uwaguse. Halafu kuna kinachoitwa “basi”. Siyo lile lililonibeba. Ni kundi la wakimbiaji wa mwisho wanaokwenda pamoja nyuma ya mtu mmoja mzoefu, wanamwita dereva, ambaye amepiga hesabu ya kila kilomita: hapa tunatembea hesabu ya nguzo tatu, hapa tunakimbia, hapa tunaimba. Dereva angeweza kumaliza mapema na kuoga. Anabaki nyuma ili watu mia wapite langoni zikiwa zimebaki dakika chache. Basi lilinipita Camperdown. Walinipigia kelele nijiunge nao. Kiburi kikanikataza, nikasema nina mwendo wangu.

Naandika haya nikijua mimi ni mlezi katika nyumba hii. Mwaka jana tulimrudisha kijana mmoja nyumbani. Nilikuwa mmoja wa walioinua mkono, na kwa siku kadhaa watu wema, wakiwemo waamini wa parokia yake, walitupigia simu kutuomba tulegeze. Walitaja miaka aliyokwisha kaa hapa, mama yake, sare ambayo jumuiya yao ilikwisha ishona. Siijutii ile kura. Masharti aliyajua tangu mwaka wa kwanza, na wapo wengine waliorudi nyumbani kimya kwa masharti hayo hayo. Ila kuna usiku ninapojiuliza ni nani kati yetu aliyemfuata chumbani mwezi Novemba, alipoanza kuchelewa sala za asubuhi na kuacha kucheza mpira. Mimi sikumfuata. Nilimwona. Nilidhani mlezi wake wa kiroho anajua.

Yule frateri hajakubaliana nami. Juzi alinisubiri nje ya kikanisa akaniambia: “Padre, sawa, lango ni lango. Lakini yule wa hatua tano, baada ya bastola, ilikuwaje?” Nikamwambia aitazame video hadi mwisho. Watu wawili waliokwisha maliza, medali shingoni, walirudi nyuma wakamnyanyua, wakavuka naye mstari. Hakuna aliyewazuia, na medali hakupewa.

“Na wewe, ulipopelekwa na basi?”

Nilimwambia ndani ya basi lile tulikuwa kama thelathini, hakuna aliyesema neno, na mzee mmoja aliyekaa dirishani alivua blanketi lake akatufunika wote wawili, magoti yake na yangu, hadi mjini.