Wazee wa Kanisa na Lugha ya Ibada Mashariki ya Mlima Kenya

Miongoni mwa misingi ambayo makanisa yaliyozaliwa na Matengenezo ya karne ya 16 hayawezi kuiacha pasipo kujikana ni huu, kwamba Neno la Mungu sharti limfikie muumini kwa lugha aielewayo. Ungamo la Imani la Westminster, lililokubaliwa na Kanisa la Scotland mwaka 1647, lasema hivyo wazi katika sura yake ya kwanza: Maandiko yatafsiriwe katika lugha ya kila taifa yanakofika. Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, PCEA, ni mrithi wa ungamo hilo. Ni haki basi kuuliza msingi huo umetekelezwa kwa kiasi gani mashariki ya Mlima Kenya, ambako Dakta Clive Irvine alifungua kituo cha Chogoria mwaka 1922.

Jibu la kweli ni kwamba huko nyuma lugha ya ibada iliamuliwa na mipaka ya misheni kuliko masikio ya waumini. Wamethodisti walishika upande wa Imenti, Wapresbiteri wakachukua Chuka, Mwimbi na Muthambi, nao Waanglikana wakawa Embu, kituo chao kikiwa Kigari. Wapresbiteri walitoka Ukikuyuni, na vitabu walivyokuwa navyo vilikuwa vya Kikuyu. Agano Jipya la Kikuyu lilichapishwa mwaka 1926 na Biblia nzima mwaka 1951. Agano Jipya la Kimeru halikutoka hadi 1952, na Biblia nzima hadi 1964. Embu nako Biblia ya Kikuyu ndiyo iliyosomwa kwa miaka mingi, kwa hoja kwamba Mwembu na Mkikuyu husikilizana.

Hoja hiyo ya kusikilizana yafaa itazamwe kwa makini, maana imetuponza mara nyingi. Watu wawili wanaweza kusikilizana sokoni, wakauziana mbuzi pasipo mkalimani, na bado mmoja wao asielewe nusu ya Waraka kwa Warumi usomwapo kwa lugha ya mwenzake. Hata jina la Mwenyezi halikuwa moja. Biblia ya Kikuyu humwita Ngai, neno lenye undugu na Enkai la Wamaasai. Biblia ya Kimeru ilichagua Murungu, ambalo ni ndugu wa Mungu wetu wa Kiswahili. Sisemi kwamba jina moja ni takatifu kuliko lingine. Ninalosema ni kwamba anayeomba kwa jina alilofunzwa shuleni haombi sawasawa na anayeomba kwa jina alilolisikia kwa nyanya yake.

Watu wa Tharaka walitendewa vivyo hivyo, safari hii na Kimeru. Waliambiwa lugha yao ni lahaja tu, na kwamba Biblia ya 1964 inawatosha. Haikuwatosha. Agano Jipya la Kitharaka lilitoka mwaka 2001, kwa juhudi za shirika la Bible Translation and Literacy, na hakuna aliyesema tena kwamba kazi hiyo ilikuwa ya bure.

Asidhani msomaji kwamba udhaifu huu ni wetu peke yetu. Kanisa la Scotland lenyewe, lililomtuma Irvine, lilifanya Matengenezo mwaka 1560. Kitabu cha ibada cha Kigaeli kilipigwa chapa mwaka 1567 kwa ajili ya watu wa milimani. Agano Jipya kwa Kigaeli chao lilitoka mwaka 1767, miaka 200 kamili baadaye! Katika muda huo walipelekewa Biblia ya Kiayalandi, lugha jamaa, kwa hoja ile ile ya kusikilizana.

Leo mambo yamegeuka kwa namna nyingine. Katika miji kama Meru, Chuka na Embu si ajabu kukuta ibada ya Kiingereza asubuhi na ya lugha ya mama baadaye. Kijana huenda kwenye ile, nyanya yake kwenye hii. Hawaimbi pamoja, na hawawezi kujadiliana mahubiri wanapokula chakula cha mchana, kwa maana kila mmoja alisikia mahubiri mengine. Kanisa linalofundisha kwamba watoto wamo ndani ya agano pamoja na wazazi wao halina budi kuona kwamba hapa pana jambo.

Najua yatakayosemwa. Miji hii ina wauguzi, walimu na wanafunzi wa kila kabila, na ibada ya lugha moja ya kienyeji ingewafungia mlango. Ni kweli, na kwa hao Kiswahili kipo; mama muuza ndizi anakielewa na mhadhiri pia. Kiingereza kitumike panapokuwa na watu wasioelewa lugha nyingine. Nashuku, hata hivyo, kwamba mara nyingi kinatumiwa kwa sababu kinapendeza, na kwamba mhubiri mwenyewe hufikiri kwa Kimwimbi huku akitamka kwa Kiingereza. Vijijini, lugha ya mama ina haki yake, si kwa hisani ya mtu.

Mfumo wa Kipresbiteri una dawa yake tayari. Hauna askofu wa kungojewa aamue. Una wazee wa kanisa, waliochaguliwa na washirika, ambao wajibu wao mmojawapo ni kuwatembelea watu majumbani. Mzee afikapo nyumbani Jumatano, amwombe ajuza amsimulie mahubiri ya Jumapili iliyopita, kisha amwombe mjukuu vivyo hivyo. Asiulize kama yalikuwa mazuri. Wote watasema yalikuwa mazuri. Aulize yalisema nini. Majibu hayo yaletwe katika baraza la wazee na kuandikwa katika kumbukumbu, kabla ya kikao kufikia ajenda ya kununua vipaza sauti vipya.