Risala ya Wahandisi Wasanifu wa Barabara, Ruiru na Thika

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakuu wetu wa kazi, wenzetu wa maabara ya udongo, mabibi na mabwana:

Sisi tunaosoma risala hii ni wasanifu wa barabara katika utumishi wa umma. Wengi wetu tulisomea Juja, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, tukipanda matatu kwenye barabara hii hii ambayo leo tunaulizwa makosa yake. Tunashukuru kupewa nafasi ya kusema. Kwa leo, shukrani zetu zinaishia hapo.

Rais Mwai Kibaki alipoifungua Barabara Kuu ya Thika tarehe 9 Novemba 2012, kilomita zipatazo 50 zilizogharimu zaidi ya shilingi bilioni 30, nchi nzima ilishangilia, nasi tukiwemo. Barabara ikaleta watu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ya 2019 ikahesabu 490,120. Mashamba ya kahawa yakawa ploti, ploti zikawa maghorofa. Michoro ikabaki kabatini. Na mwongozo tuliofunzwa nao kupima kona na miinuko ni wa 1979, tena uliandikiwa barabara za mashambani.

Mheshimiwa, hivi majuzi tulisimama kwenye steji moja kati ya Ruiru na Juja, saa kumi na mbili asubuhi, tukihesabu waenda kwa miguu. Mama mmoja alipitisha beseni lake la sukuma wiki juu ya kizuizi cha chuma, akakunja leso, akaruka. Chuma pale kimeshapinda kwa kukanyagwa. Alipoona vizibao vyetu vya kung'aa akauliza, "Nyinyi mliochora hii, hamna miguu?" Hatukuwa na jibu. Madaraja kadhaa ya waenda kwa miguu kwenye barabara hii yalijengwa baada ya magari kuanza kupita, na watu hawakungoja madaraja ndipo wavuke.

Hesabu ile, tusifiche, tuliifanya kwa nauli yetu. Gari la ofisi lilikuwa na shughuli nyingine. Darubini ya upimaji tuliipakata kwenye matatu, na kondakta akaitoza nauli ya kiti.

Malalamiko mengine mnayajua. Mchoro hubadilishwa huko kazini, mtaro ukapunguzwa upana ili kuokoa saruji, bila msanifu kuulizwa; mvua za masika zikijaza maji barabarani, jina linalotafutwa ni la aliyetia muhuri. Vijana wetu wanahitaji angalau miaka 3 ya uzoefu kabla ya kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi, lakini wanapewa mikataba ya miezi, wanakatizwa, wanaanza upya. Na aliyezeeka kwenye meza ya michoro hana ngazi ya kupanda ila aiache meza hiyo, akatie saini vocha. Hivi ndivyo tunavyowapoteza walio bora: hawafukuzwi, wanapandishwa cheo.

Kwa hiyo tunadai msanifu arudishwe kwenye barabara yake kila baada ya miaka 5, kwa gari na posho, ahesabu upya watu na magari, na hesabu yake itengewe bajeti. Tunadai badiliko lolote la mchoro lisilo na saini yake lisilipiwe. Dai hili halina gharama yoyote, wala hatuoni sababu ya kulingojea. Vijana wapewe mikataba ya miaka 3 mfululizo, na pawe na ngazi ya juu ya usanifu inayolingana na umeneja kwa mshahara.

Tumeambatisha hesabu ya asubuhi ile, karatasi 4 zilizoandikwa kwa mkono. Tunaomba jibu kwa maandishi kabla ya mvua za vuli. Kile chuma kilichopinda hakijanyooshwa, na kesho saa kumi na mbili watu wataruka tena.