KONA YA MWALIMU: Jina la chini ya picha

 

Mwezi wa sita, siku ya wakimbizi, darasa langu lilikimbia mbio za kuzunguka uwanja mara nne. Kijana mmoja aliwaacha wenzake mbali kabisa. Alipopita kamba akaweka vidole vya mikono yote miwili juu ya kichwa, viwiko vikatoka huku na huku. Wenzake wakacheka, halafu wote wakafanya vilevile. Nilikuwa na simu ya kuazima, nikawapiga picha. Watoto zaidi ya thelathini mikono kichwani, utadhani vikombe vya mashindano vimepangwa mezani!

Mama mmoja akaniuliza kama huo ni mchezo mpya wa shule. Hapana mama, pozi hilo lina mwenyewe. Ni la Mo Farah, aliyekuwa mkimbiaji wa Uingereza, mzaliwa wa Somaliland. Mwaka 2012, kabla ya Olimpiki ya London, alikuwa kwenye kipindi cha kuchekesha cha televisheni, wakamtafutia pozi lake la ushindi. Si mnajua Usain Bolt wa Jamaika alikuwa na lake, la kunyoosha mkono kama anavuta upinde? Mtangazaji Clare Balding akapendekeza mikono ifanye herufi M, yaani M ya Mo, ya Mohamed. James Corden akaliita Mobot.

Tarehe 4 Agosti 2012 Farah akashinda mita 10,000, yaani mizunguko 25 ya uwanja. Tarehe 11 akashinda mita 5,000. Akaifanya ile M mbele ya watu wote. Usiku huohuo Bolt na wenzake walishinda mbio za kupokezana vijiti kwa rekodi ya dunia, na Bolt naye akaweka mikono kichwani. Wakapigwa picha pamoja wamebadilishana: Bolt anafanya M, Farah anavuta upinde.

Kuanzia hapo ikawa homa. Watu wazima kwa watoto wakajipiga picha za M na kuzituma kwenye intaneti. Ndiyo maana hata kijana wangu, ambaye mwaka ule alikuwa hajazaliwa, ameiona kwenye simu ya kaka yake akaishika.

Sasa, nilitaka kuibandika picha yetu ukutani, na majina chini yake. Nikamwita mshindi, nikamwuliza jina lake niliandike namna gani. Akaniuliza polepole:

“Ile ya kadi ao ile ya nyumbani, mwalimu?”

Wazazi, nilinyamaza. Kalamu iko mkononi, sijui niandike nini.

Simlaumu mtu. Sote tunajua ilivyokuwa. Wakati wa kukimbia mtu anashika mtoto wa dada, mtoto wa jirani, mtoto aliyemkuta analia njiani. Kufika kwenye meza ya kuandikishwa umechoka, una njaa, mtoto anaingia kwa jina la yule aliyebaki nyuma, au kwa jina ambalo mwandishi alilisikia vibaya. Mimi mwenyewe kwenye karatasi nimezaliwa tarehe 1 Januari, kama watu wengi wa kijiji chetu hapa kambini. Mama anasema nilizaliwa wakati wa kuvuna maharage.

Basi siku ile niliacha somo la hesabu, nikawasimulia watoto habari ambayo Farah aliitoa mwenyewe Julai 2022, katika filamu ya BBC.

Alisema jina lake la kuzaliwa ni Hussein Abdi Kahin. Baba yake aliuawa kwa risasi vitani, yeye ana miaka minne. Akapelekwa kwa ndugu Djibouti. Alipokuwa na miaka kama minane au tisa, mwanamke asiyemjua akampeleka Uingereza na karatasi zenye picha yake, lakini jina la mtoto mwingine: Mohamed Farah. Mtoto alikuwa na karatasi yenye anwani za ndugu zake. Walipofika, yule mwanamke aliichana mbele yake, akaitupa. Akamtumikisha kazi za nyumbani na kulea watoto. Miaka kadhaa hakwenda shule.

Alipoingia shule, hakuongea Kiingereza vizuri. Aliyemfungulia njia ni mwalimu wa michezo, Alan Watkinson. Aliona kwamba uwanjani mtoto huyu anakuwa mtu mwingine, akamkaribia, na siku moja mtoto akamwambia ukweli. Mwalimu akahakikisha anapata familia nyingine ya Kisomali ya kumtunza, na baadaye akamsaidia kupata uraia, mwaka 2000.

Sasa angalieni tena ile picha. Ile M ambayo dunia nzima iliiga ilikuwa ya jina la mtoto mwingine. Watu wengi sana walijipiga picha nayo, na Hussein alikuwa hapohapo chini ya mikono, hakuna aliyemwona. Mwaka 2015 alipopata mtoto wa kiume, alimpa jina Hussein.

Darasa lilikaa kimya. Sijawahi kuona wametulia hivyo, hata siku ya mtihani.

Alipotoa siri hiyo, serikali ya Uingereza ilisema hatachukuliwa hatua yoyote. Lakini tusijidanganye. Yeye alikuwa na medali nne za dhahabu za Olimpiki za kumtetea. Mtoto wetu hana hata moja. Kwa hiyo afadhali tunyooshe mambo mapema.

Nawaomba mambo matatu. Kwanza, mwambieni mtoto jina lake, la baba na mama waliomzaa, na la kijiji walikotoka, hata kama habari hiyo inauma. Pili, andikeni hayo kwenye daftari moja la nyumba, mkalitunze pamoja na karatasi za kliniki na za ubatizo kama zipo. Tatu, kama jina la kadi lina kosa, mzazi au mlezi aende mwenyewe kuuliza kwenye usajili namna ya kurekebisha, kabla mtoto hajafika mtihani wa darasa la sita. Jina likishaingia kwenye cheti, kulitoa ni kazi kubwa. Mtoto asibebeshwe mzigo huo peke yake.

Picha yetu iko ukutani, karibuni mwione. Majina yote yapo, ila chini ya mshindi nimeacha nafasi. Mlezi wake nimemsomea habari hii kabla ya kuitoa, akakubali. Jumapili walikaa wawili nje ya nyumba mpaka giza likaingia. Jumatatu kijana alikuja shuleni akaniomba kalamu, halafu akanirudishia. Akasema bado anafikiri.

Nikamwambia hakuna haraka, ukuta haukimbii.

Tukutane mwezi ujao.

Mwalimu wenu wa kujitolea, darasa la tano