Barbara wa 1990 bado anadai haki yake

KITI CHA MBELE
Na Mwanaidi Hamza

Night of the Living Dead ya mwaka 1990 imezoea kupitwa kando na wapenzi wa filamu za kutisha. Ile ya 1968 ya George Romero ndiyo inayofundishwa vyuoni, na ndiyo inayotajwa kila mazombi yanapozungumzwa. Hii ya Tom Savini ilipotoka wahakiki wengi waliiponda, na hata wanaoipenda huisifia kwa sauti ya chini. Mimi naona imedhulumiwa, na aliyedhulumiwa zaidi ni Barbara.

Kurudiwa kwa filamu ile ya 1968 kuna kisa. Filamu ya kwanza ilipigwa vijijini Pennsylvania kwa bajeti ndogo sana, kama dola 114,000. Msambazaji akalibadili jina lake, na katika kubadili huko tangazo la hakimiliki likaachwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hilo lilitosha kuifanya mali ya umma. Yeyote aliyetaka kuinakili na kuiuza aliiuza, waliotoka jasho wakabaki kutazama. Marudio yalikuwa pia njia yao ya kupata angalau chochote. Romero mwenyewe akaandika mswada mpya, akamkabidhi Savini, fundi aliyemtengenezea majeraha na maiti katika Dawn of the Dead ya 1978 na Day of the Dead ya 1985.

Kwa sifa hiyo, watu walitegemea damu imwagike mpaka ifurike. Savini akajizuia. Tazama mwanzo wake, makaburini. Barbara na kaka yake Johnnie wamekuja kuzuru kaburi, na mzee mmoja anawajia akiyumba. Aliyeiona filamu ya zamani anajua kinachofuata, au anadhani anajua. Kumbe mzee ni mtu mzima wa akili, ana huzuni zake, anaomba samahani na kupita. Unashusha pumzi, na hapo hapo maiti wa kweli anavamia. Muda mfupi baadaye anatokea mwingine, suti inamvuka mwilini kwa sababu imepasuliwa mgongoni, kama wanavyofanya wanaowavisha wafu, na kifuani ana mshono mrefu wa upasuaji. Huyu hatishi tu, anatia huruma. Jana alikuwa baba wa mtu.

Barbara wa 1968 alipigwa na butwaa mapema, akakaa kwenye kochi sehemu kubwa ya filamu. Barbara wa Patricia Tallman naye anaanza kwa kutetemeka na kulia, lakini macho yake hayaachi kufanya kazi. Anakimbilia nyumba moja ya shambani, na wenzake waliojificha humo wanapomshutumu kwamba aliyempiga risasi ni jirani aliye hai, hajibu kwa maneno. Anamfyatulia yule mtu risasi kifuani, moja baada ya nyingine, huku akiwauliza kama amekufa, na mtu anazidi kuja. Kisha anamlenga kichwani. Sijui onyesho lingine la filamu za aina hii linaloeleza kanuni za wafu kwa ukali na usafi kama huo.

Wakati huo wanaume wanagombana. Ben, anayechezwa na marehemu Tony Todd, anataka wapigilie mbao madirishani wabaki juu. Harry Cooper anataka wajifungie chumba cha chini ya ardhi. Wanaing'ang'ania televisheni, njia yao ya kupata habari za nje, mpaka inaporomoka ngazini na kuvunjika. Barbara ndiye anayesema jambo ambalo nyumba nzima haikuliona: wale viumbe ni wazito, wanaburura miguu, mtu mwenye bunduki na utulivu anaweza kupita katikati yao akaondoka. Hakuna anayemsikiliza, kila mmoja ameshachagua upande wake.

Hapo ndipo marudio yanapoizidi filamu mama, kwa maoni yangu. Mwaka 1968 chumba cha chini ndicho kilichomhifadhi Ben mpaka asubuhi, kwa hiyo Cooper, pamoja na ubaya wake wote, alikuwa na hoja. Mwaka 1990 wote wawili wamepotea. Ufunguo wa pampu ya mafuta, ambao kukosekana kwake kuliwaua vijana wawili, Ben anaukuta chini huko huko alikokataa kukanyaga, akiwa tayari na jeraha la kumaliza maisha yake. Anacheka. Todd anakicheka kicheko kile kwa uchungu ambao sijaweza kuusahau.

Kuna kilichopotea, na lazima kisemwe. Ben wa kwanza, mtu mweusi aliyechezwa na Duane Jones, aliuawa na wawindaji wazungu katika filamu iliyotoka miezi michache baada ya kuuawa kwa Martin Luther King. Risasi ile haina mbadala. Savini anatupa kitu kingine: wawindaji wanaoning'iniza wafu mtini na kuwafanya shabaha huku wakicheka, Barbara akiwatazama, kisha Barbara huyo huyo akimpiga risasi Cooper aliye hai, kwa makusudi, na kutaka atupwe motoni pamoja na wafu. Yule tuliyemshangilia ametoka salama, na mikono yake ina damu ya mtu.

Itazameni ya 1968 kwanza, kisha hii, usiku mmoja kama mnaweza. Na wanaoandika historia ya filamu za kutisha wamuandike Barbara wa Tallman miongoni mwa mashujaa wake wakuu. Anastahili.