Taa Isiyodanganya: Nishati ya Kasese na Haki ya Mnunuzi

Askari aliyewahi kupangiwa lindo la usiku huko Mpondwe anajua thamani ya taa kuliko wengi wakaao mijini. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kongo. Huku ni Bwera, pamoja na soko linalojaa watu wa nchi zote mbili. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakawaua wanafunzi pamoja na wakazi wa karibu. Hatudai kwamba taa peke yake ingewazuia. Lakini kijiji chenye mwanga ni rahisi kukilinda kuliko kijiji cha giza, na kwa sababu hiyo suala la nishati katika wilaya ya Kasese si la mafundi na wenye mitaji peke yao. Linatuhusu sisi wanajeshi na polisi.

Wilaya hii haikunyimwa kitu. Mito iteremkayo kutoka Rwenzori imekuwa ikitoa umeme tangu miaka ya 1950, wakati mgodi wa shaba wa Kilembe ulipojijengea mtambo katika mto Mubuku. Mwaka 2009 mtambo wa Bugoye, wenye nguvu ya megawati 13, ulianza kazi katika mto huo huo. Mwaka 2018 ikafuata mitambo ya Nyamwamba, megawati 9.2, na Lubilia, megawati 5.4, huu wa mwisho ukitumia maji ya mto ule ule wa mpakani. Viongozi wa wilaya nao walijiwekea shabaha ya kusifiwa: kwamba ifikapo mwaka 2020 wakazi wote watumie nishati isiyokwisha, yaani ya maji, ya jua na ya samadi.

Mwaka huo ulifika, ukapita. Hadi leo zipo nyumba milimani ambako waya wa umeme unapita juu ya paa, na chini yake mtoto anasomea mwanga wa tadoba huku mama akipuliza kuni kwenye mafiga. Kila mzigo wa kuni una gharama yake. Mwezi Mei 2020 mito ya Nyamwamba, Mubuku na Lhubiriha ilifurika, ikabomoa nyumba na madaraja, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya. Mvua kubwa ndiyo iliyoleta maafa hayo, lakini mlima uliovuliwa miti yake hauna cha kuzuia maji.

Ni kitu gani basi kinachowazuia wananchi? Umaskini ni sababu ya kwanza, nao unafahamika. Sababu ya pili haisemwi sana: wananchi wamedanganywa, na aliyedanganywa hurudi kwenye mafuta ya taa. Sisi wenyewe tuliwahi kununua taa ya jua sokoni, tukaambiwa itadumu miaka mitatu. Haikumaliza miezi mitatu. Tuliporudi, muuzaji alikuwa amehama na meza yake. Mwenye mshahara huyameza hayo akanunua nyingine. Mjane aliyeuza kahawa ya msimu mzima ili apate taa moja hawezi kununua ya pili, na jirani zake wote wataisikia habari yake.

Wapo pia wauzaji wa mitambo ya jua kwa malipo ya kidogo kidogo kwa njia ya simu. Mpango huo ni mzuri kwa maskini, nasi hatuupingi. Lakini mara nyingi mnunuzi hutajiwa malipo ya kila siku tu, hatajiwi jumla ya bei. Mkataba huandikwa kwa Kiingereza kwa mtu asomaye Lukonzo. Akichelewesha malipo, mtambo hujifunga wenyewe siku hiyo hiyo. Mtambo ukiharibika, fundi huja baada ya wiki nyingi au asije kabisa. Haraka ya kudai na uvivu wa kutengeneza haviwezi kukaa pamoja katika biashara ya haki.

Serikali haikukosa sera wala sheria. Shirika la viwango la taifa lina sheria yake tangu mwaka 1983. Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 ilianzisha mamlaka ya kusimamia umeme pamoja na baraza la kuamua migogoro yake. Sera ya nishati isiyokwisha ilitolewa mwaka 2007. Mwaka 2022 Bunge liliongeza adhabu za wezi wa umeme na waharibifu wa nguzo na nyaya, nasi tuliunga mkono. Lakini sheria yenye meno kwa mwizi wa umeme na ufizi mtupu kwa muuzaji wa taa mbovu itaonekana na wananchi kuwa ya upande mmoja.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, bidhaa za jua zipimwe pale Mpondwe na katika maduka ya Kasese, na zile zinazotangaza nguvu zisizokuwa nazo zikamatwe kabla hazijamfikia mnunuzi. Pili, kila mkataba wa malipo ya kidogo kidogo utaje bei yote na muda wa dhamana, tena kwa lugha anayoielewa mnunuzi. Tatu, vijiji vinavyopitiwa na nyaya za Mubuku na Lubilia vipewe nafasi ya mbele katika kuunganishiwa umeme. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme umerudi mikononi mwa shirika la umma, UEDCL, baada ya miaka 20 ya kampuni ya Umeme. Sasa serikali ndiyo muuzaji, na muuzaji mkubwa ndiye anayepaswa kuonyesha mfano.

Tunamalizia na sisi wenyewe tuvaao sare. Askari anayefumba macho lori la magendo lipite usiku, kwa sababu amepewa chochote, ameshiriki kumwibia yule mjane. Askari anayejiunganishia waya bila mita, akitegemea kwamba hakuna atakayemgusa, ameongeza mzigo wa wale wanaolipa. Na polisi anayemfukuza mlalamikaji kituoni kwa kusema kwamba taa mbovu si kesi, anakosea: kuuza kitu kwa maelezo ya uongo ni kosa, na malalamiko hayo yanastahili kuandikwa kitabuni kama mengine yote.

Ulinzi wa Mubuku na Lubilia hauishii kwenye ua wa mtambo. Unafika mpaka kwenye meza ya sokoni Bwera, mahali ambapo mwananchi anatoa shilingi zake akiamini kwamba anaupeleka mwanga nyumbani. Hapo pia ni lindo letu.